Gari kongwe si gari chakavu

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimeukumbuka usemi huo mara nyingi tangu mwalimu mmoja tunayefahamiana aliponiandikia barua kuniomba rai. Shule yake ya upili, iliyoko katika Bonde la Ufa, inamiliki Land Rover iliyonunuliwa katika miaka ya sabini. Gari hilo limesimama chini ya mjakaranda kwa muda wa miaka minane. Halmashauri ya shule imekusudia kuliuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, ambaye atalipima kwenye mizani na kulilipia kwa kilo. Swali la mwalimu lilikuwa fupi: je, apinge ama anyamaze?

Aliniuliza mimi kwa kuwa anajua ninalo gari la aina iyo hiyo, nami nimelitunza tangu mwaka 2003. Kwa vile shule zenye magari ya namna hiyo si moja wala mbili, nimeona heri nimjibu hadharani ili walimu na wanafunzi wengine nao wapate kuipima hoja yangu.

Kwanza tuanze na lugha, maana wengi hupotea hapo. Kiswahili hakina neno moja tu la kueleza umri wa kitu. Tuna kuukuu, tuna kongwe, tuna chakavu, na tuna cha kale. Mnazi mkongwe huenda bado unazaa. Nguo chakavu ni ile iliyochakaa, yaani iliyoliwa na matumizi na kukosa matunzo. Ukongwe huletwa na miaka, na hakuna awezaye kuizuia. Uchakavu, kwa upande mwingine, huletwa na mwenye mali. Halmashauri ile iliposema kwamba gari lao ni chakavu, ilikuwa imetoa hukumu juu ya utunzaji wa shule, wala si juu ya gari.

Sasa tulitazame gari lenyewe na asili yake. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa chuma cha pua, na chuma hicho kiligawanywa kwa vibali. Mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, ambako alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Mwaka 1947 alichora umbo la gari jipya katika mchanga wa ufuo wa Red Wharf Bay akiwa pamoja na nduguye Spencer, ambaye alikuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo likaonyeshwa kwa umma katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam. Kwa sababu chuma kilikuwa adimu, bodi lake liliundwa kwa aloi ya alumini, na fremu ya chini peke yake pamoja na sehemu chache zikawa za chuma. Hata rangi ya kijani ya magari yale ya mwanzo ilitokana na akiba ya rangi za kijeshi. Dhiki ya taifa moja ndiyo iliyozaa gari lenye bodi lisiloshika kutu, nalo likafika katika kila pembe ya dunia.

Muundo wa kwanza ulitengenezwa hadi mwaka 1958, wa pili hadi 1971, na wa tatu hadi 1985. Jina la Defender lilikuja mwaka 1990, na gari la mwisho la ukoo huo likatoka katika kiwanda cha Solihull tarehe 29 Januari 2016. Magari zaidi ya milioni mbili yalikuwa yamekwisha kutengenezwa katika muda huo wa miaka 68.

Huku kwetu gari hili halikuingia na sifa njema tupu. Hali ya hatari ilipotangazwa nchini mnamo Oktoba 1952, Land Rover zilikuwa miongoni mwa magari ya askari wa serikali ya kikoloni. Wako wazee ambao hadi leo wakisikia mngurumo wake hukumbuka msako wa alfajiri, vijiji vilivyozungushiwa ua, na vijana waliopakiwa nyuma wasionekane tena. Sitawaambia wazee hao wasahau. Hapa ndipo hutokea pingamizi la kwanza, nalo ni zito: kwa nini tuhifadhi chombo cha aliyetutesa?

Jibu langu ni kwamba chombo hicho kilibadilisha mikono. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, magari hayo yalibeba chanjo, mbegu za mahindi, masanduku ya kura na karatasi za mitihani. Mwaka 1974 kiwanda cha Leyland Kenya kilianzishwa mjini Thika, na humo Land Rover zikawa zinaunganishwa kwa mikono ya Wakenya. Afisa wa kilimo, muuguzi, chifu na mwalimu mkuu walifika kwa gari hilo mahali ambapo barabara ilikuwa imekoma. Historia yetu, yenye uchungu na yenye fahari, imo ndani ya bodi lile. Tukiliyeyusha hatutakuwa tumefuta uchungu. Tutakuwa tumewanyima watoto wetu shahidi mmoja wa yote mawili.

Langu mimi ni la muundo wa tatu, lile fupi, lenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Marehemu baba alikuwa afisa wa kilimo, naye alilinunua mwaka 1984 katika mnada wa magari ya serikali yaliyokwisha muda wake. Pamoja na gari aliniachia madaftari manne ya shule. Humo aliandika tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, na jina la aliyeifanya. Hakuna plagi iliyobadilishwa bila kuandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimeshuhudia kinyume chake, kwamba mali yenye daftari hudumu. Fundi mgeni akinijia leo, humfungulia daftari kabla ya kumfungulia boneti.

Je, gari kama hilo hutunzwaje? Wengi hudhani siri ni rangi inayong'aa. La, hasha. Siri iko chini, mahali pasipoonekana. Bodi la alumini halishiki kutu, lakini fremu ya chuma inayolibeba hushika, nayo huanza kuliwa kutoka ndani. Maji na matope hupenya kupitia matundu yake, hukaa humo, na chuma huoza polepole ilhali kwa nje rangi ni nzima. Sehemu za kuchunguzwa ni boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotokeza kando kulishika bodi, na sakafu ya mbele pale dereva anapowekea miguu. Fundi mzuri hupita chini na nyundo ndogo akigonga. Chuma kizima hutoa mlio mkali, kilichooza hutoa mlio mfu. Matundu ya kutolea maji yapasa kuzibuliwa kila baada ya mvua za masika, na mafuta mazito yanyunyiziwe ndani ya fremu. Wenye uwezo huivua fremu yote na kuichovya katika zinki iliyoyeyushwa. Asiye na uwezo huo ana nyundo, brashi ya waya na rangi, navyo vinatosha maadamu hachoki.

Jambo la pili ni mahali alumini inapogusana na chuma. Metali hizi mbili zikikutana penye unyevu, alumini huliwa na kubaki unga mweupe. Ugonjwa huu ni mkali zaidi pwani, ambako hewa ina chumvi. Dawa yake ni kuzitenganisha kwa rangi, kwa mpira au kwa grisi kila zinapokutana.

Jambo la tatu ni mafuta. Gari hili lina sehemu zisizopungua saba zinazohitaji oili yake mbali mbali: injini, sanduku la gia, sanduku la pili linalogawa nguvu mbele na nyuma, difu mbili, na viungo viwili vya magurudumu ya mbele. Mwenye kubadilisha oili ya injini tu na kuzisahau hizo nyingine ni sawa na mtu anayenawa uso bila kuoga. Hata kisafishaji hewa chake hutumia oili. Hewa hupitishwa juu ya oili, vumbi likanaswa humo, kisha hewa safi ikaenda kwenye kabureta. Katika barabara zetu za vumbi jekundu, chombo hicho kinafaa kusafishwa mara nyingi kuliko kitabu cha maelekezo kinavyoagiza.

Jambo la nne ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Gari lazima liendeshwe. Gari lililolala hukauka mipira ya mafuta, breki zikashikana, petroli ikageuka gundi ndani ya kabureta, na panya wakajenga makao katika nyaya. Mimi huliendesha langu kila Jumamosi walau kilomita 20, na mara moja kwa mwezi huingiza nguvu ya magurudumu yote manne katika njia ya shamba ili gia za mbele nazo zipate oili.

Hayo yote nilifunzwa na mzee mmoja wa Nakuru, fundi ambaye mikono yake ilikuwa haiishi weusi wa grisi. Aliweza kuushika mkono wa gia, akafumba macho, na kukueleza ni beringi ipi iliyolika. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, gari halifi lenyewe. Huuawa na anayelisahau." Mzee huyo alifariki mwaka 2019. Hakuacha kitabu wala kanda, na wanawe wanauza simu. Hapa ndipo penye hasara ninayoihofia kuliko ya chuma. Magari haya yatakapokwisha kupimwa kwa kilo, hakutakuwa na sababu ya kijana yeyote kujifunza kuusikiliza mlio wa chuma, na maarifa yaliyokusanywa kwa miaka 70 katika gereji zetu yatazikwa pamoja na wazee walio nayo.

Kabla hajafariki nilimsihi aje shuleni kwetu, naye akaja Jumamosi tatu. Tulifungua sanduku la gia mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu. Sijapata kuona darasa la fizikia lililotulia namna ile. Hebu zingatieni hesabu hii. Katika gia ya kwanza ya muundo wa tatu, uwiano ni 3.68. Ukishusha mkono mwekundu, sanduku la pili huongeza uwiano wa 2.35, na difu huongeza 4.7. Zidisha zote tatu, utapata zaidi ya 40. Maana yake ni kwamba injini huzunguka mara 40 na ushei ili gurudumu lizunguke mara moja tu. Kasi imepungua, nguvu ya kusukuma imeongezeka, na ndiyo sababu gari dogo la injini ya kawaida hupanda kilima cha matope bila kelele. Mwanafunzi aliyekuwa akikariri kanuni ya mashine bila kuielewa aligeuza gurudumu kwa mkono wake, akahesabu, akacheka.

Kemia nayo imo. Alumini, chuma na zinki ni somo zima la utendanaji wa metali. Historia imo, nimekwisha kuieleza. Hata Kiswahili kimo. Neno usukani lilitoka chomboni baharini likapanda garini, na mafundi wetu wa jua kali wamekwisha kuyafanya springi, klachi, ekseli, difu na stata kuwa maneno yao yenye ngeli na wingi. Mwalimu wa lugha anayetafuta mradi wa msamiati atajaza daftari kwa siku moja. Mtaala wa Umilisi unatutaka tufunze kwa kutenda, na umekanika ni mojawapo ya masomo ya kiufundi katika sekondari ya juu. Je, yawezekana tukauze kwa kilo kifaa cha kufundishia tulicho nacho, kisha tulie kwamba shule hazina vifaa?

Sharti nizijibu pingamizi nyingine. Wako wasemao gari hili hunywa petroli kama ngamia anywavyo maji. Ni kweli, nami siwashauri walifanye gari la kila siku. Wako wasemao si salama. Hilo pia ni kweli, na halifai kufichwa. Breki zake zote nne ni za ngoma, usukani ni mzito, na viti vya nyuma vimetazamana bila mikanda. Kilomita 80 kwa saa ndizo stara yake. Mimi sijambeba mwanafunzi katika viti hivyo kwenye barabara kuu, wala sitambeba. Gari la kufundishia lifundishe uani, na basi liwapeleke watoto kwenye tamasha la muziki.

Wengine huuliza iwapo ni halali kulitia injini ya dizeli ya Kijapani, kama wengi walivyofanya. Kwa mkulima ambaye gari ndilo punda wake, simlaumu. Alitafuta chakula cha watoto. Ila aliyekusudia kuhifadhi asitupe injini ya asili. Aipake oili, aifunike, aiandike nambari yake daftarini. Lililokatwa kwa tochi ya gesi halirudi, lakini lililofunguliwa kwa spana laweza kufungwa tena.

Wala tusidhani kwamba fikira hizi ni za wachache wenye mali. Katika Oktoba 2024 mji wa Arusha ulijaa mamia ya Land Rover zilizokusanyika kwa tamasha la siku kadhaa, nyingi zikiwa za waongoza watalii na watu wa kawaida. Hapa Nairobi, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, Concours d'Elegance, yalianza mwaka 1970, na gari kongwe hupewa alama za ziada kwa ajili ya umri wake. Jirani zetu wamekwisha kutambua kwamba magari haya ni urithi na pia ni riziki kwa mafundi, wapaka rangi na washona viti.

Sasa namrudia mwalimu aliyeniuliza. Apinge. Walakini asipinge kwa hasira wala kwa mapenzi ya vitu vya zamani, apinge kwa hoja zenye ushahidi. Kwanza atafute hati ya umiliki na alinganishe nambari ya fremu na ya injini, kwani gari lisilo na hati ni yatima. Pili, aite fundi mmoja mwenye nyundo, na matokeo yaandikwe mbele ya halmashauri. Fremu ikiwa nzima, gari laweza kufufuliwa kidogo kidogo na wanafunzi wenyewe, muhula hata muhula, kuanzia breki. Fremu ikiwa imeoza kabisa, bado injini, masanduku ya gia na ekseli vyaweza kuwekwa juu ya fremu ya mbao na kukatwa upande mmoja, ili mwanafunzi aone meno yanavyoshikana.

Na iwapo shule haina nafasi wala nia, bado mizani ya mnunuzi wa vyuma si njia pekee. Sheria ya mwaka 2015 inayohusu ununuzi na uuzaji wa mali ya umma inaruhusu mali isiyohitajika kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, hata bila malipo. Chuo cha ufundi kilicho jirani kitaipokea kwa mikono miwili. Halmashauri ijulishwe hivyo kabla haijapiga kura, na maneno hayo yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano, ili asiwepo atakayesema baadaye kwamba hakujua.

Ndugu walimu, shule zetu zimejaa vitu vilivyoegeshwa chini ya miti: mashine za kushonea, piano, darubini, matrekta. Kila kimoja kiliwahi kuwa kipya na kikapigiwa makofi siku kilipowasili. Wanafunzi wetu hututazama tunavyovifanyia, na hujifunza kutokana na hayo zaidi ya wanavyojifunza kutokana na hotuba zetu za asubuhi kuhusu nidhamu. Kitunze kidumu, walisema waliotutangulia. Basi mwalimu huyo na aanze kesho kwa kuyazoa majani ya mjakaranda yaliyorundikana juu ya boneti, kisha aite wanafunzi wawili waje na ndoo ya maji.